Dobi na Muwasho wa Miaka Mitatu

Wifi yake alimsingizia. Alisema sebuleni kwa mama mkwe, mbele ya majirani wawili waliokuja kunywa chai, kwamba muwasho wa ukeni uliomsumbua mke wa kaka yake miaka mitatu kauokota kwa wanaume. Jioni ileile mume akalitupa godoro la mkewe kwenye chumba cha pasi.

Mwanamke huyo alikuwa dobi, akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Hakuna doa lililomshinda: damu, mafuta, wino. Basi muwasho nao aliuona ni uchafu kama uchafu mwingine. Akawa anajiosha ndani kwa sabuni ya mche, asubuhi na jioni. Ukizidi, anatia kwenye beseni kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu, ileile ya kulowekea mashuka. Mara mojamoja alinunua kidonge duka la dawa, akapoa siku mbili, ya tatu moto ukawaka upya. Alitembea kama aliyekalia siafu.

Siku moja alijikuta amejificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, anajikuna huku machozi yanamtoka. Alifunga bomba, akajitanda khanga, akaenda zahanati.

"Mama, unajiosha na nini?" nesi aliuliza.

Akamweleza yote. Nesi akashika kichwa.

"Dawa ya mashuka? Mama wee, hapo si shuka hapo!"

Dobi alicheka mpaka aibu ikamtoka. "Sasa uchafu utatokaje?"

"Uchafu gani? Ndani kunajisafisha kwenyewe. Nje, maji matupu yanatosha."

Nesi alichukua majimaji kwa kijiti cha pamba, akamtoboa kidole kupima sukari. Majibu yakaja: sukari iko sawa, ni fangasi.

"Sabuni inakuchubua, unazidi kuwashwa. Na fangasi wanaojirudia hawaondoki kwa kidonge kimoja. Utakunywa dawa kila wiki, miezi sita."

"Kwa hiyo sikuupata kwa wanaume?"

"Nani kakwambia? Huu si ugonjwa wa zinaa. Hata ambaye hajawahi kuguswa na mwanaume huwapata fangasi."

Dobi aliruka kitini. "Niandikie!"

"Nikuandikie nini tena?"

"Maneno hayohayo. Kwa herufi kubwa! Mimi sijui kusoma, ila wifi yangu anajua sana."

Wiki ya tatu ya dawa alifua mashuka arobaini bila kujikuna hata mara moja. Hakungoja hata mikono ikauke. Alienda moja kwa moja sebuleni kwa mama mkwe, akawakuta wote, mume na majirani wale wamo. Akatoa karatasi ya nesi.

"Wifi, hebu nisomee hapa."

Wifi akaanza kwa madaha: "Ni fangasi. Si ugonjwa wa..." Sauti ikamfia.

"Ongeza sauti, wifi! Siku ile mbona ulisikika mpaka barabarani?"

"...wa zinaa," wifi alimalizia, akainuka kwenda kutazama chai jikoni. Majirani walikonyezana.

Mume alilibeba godoro mwenyewe kulirudisha chumbani. "Basi mke wangu, yameisha."

"Muwasho ndio umeisha," alijibu, akalikokota tena hadi chumba cha pasi.

Hajahama hadi leo. Wifi bado anadaiwa neno moja, "nilikusingizia," aliseme palepale mbele ya walewale. Na mume anadaiwa kukiri kwamba aliamini.