Mama Kipaza, aliyetangaza njia mpya hadi kijiweni kwa mumewe

Kreti la soda limegeuzwa juu chini mbele ya duka la vitambaa. Juu yake amesimama mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi, kipaza sauti kinaning'inia begani. Magari yamebanana hata mwenda kwa miguu anapita ubavu ubavu. Honi zinalia. Yeye anangoja zipungue, kama mwalimu anavyongoja darasa litulie.

"Ndugu zangu," anaanza, "kuanzia Jumatatu barabara hii ni ya mabasi na waenda kwa miguu tu. Gari dogo lizungukie barabara ya shule. Na wewe wa pikipiki pia, usijifanye hukusikia, masikio nayaona."

Watu wanacheka. Dereva mmoja anatoa kichwa dirishani.

"Mama Kipaza, sasa hili gari langu nilitie mfukoni?"

"Baba, tangu nimeanza kusema, umesogea?"

"Bado."

"Basi hiyo imeshakuwa nyumba. Nakutafutia njia iwe gari tena."

Jina alilopewa na wazazi wake siku hizi halitumiki hata na majirani. Ana miaka hamsini na minne, na kabla ya kazi hii aliuza mitumba kandokando ya barabara kubwa ya mji, akiita wateja kwa mdomo mtupu. Sasa ameajiriwa na mradi wa jiji wa kupunguza foleni. Kazi yake ni kutangulia: kabla nguzo hazijachimbiwa na njia hazijafungwa, apite mtaa kwa mtaa awaeleze watu nini kinakuja na wao wafanye nini.

Kazi yenyewe aliipata kwa mafua ya mtu mwingine.

"Mhandisi alikuja kutueleza mpango," anasimulia. "Maskini, mafua yamembana, sauti imekauka. Akaniomba nimpazie sauti. Yeye ananong'ona, mimi natoa. Tulipomaliza akaniuliza kama nina shughuli kesho."

Awamu ya kwanza ya mradi ilianzia barabara ileile aliyouzia mitumba. Hapo ndipo shughuli ilipokuwa pevu, maana kwenye kona yake palikuwa na kijiwe cha pikapu za mizigo, na mmoja wa madereva wa kijiwe hicho ni mumewe. Kwenye ramani, kona ile ilikuwa kituo cha basi. Pikapu zilitakiwa kuhamia nyuma ya kinu cha unga, mahali ambapo mteja hafiki ila kwa kupotea.

Hakumficha. Usiku uleule alimwandalia chakula, akakaa, akamwambia.

"Kwa hiyo mke wangu ndiye atakayenifukuza?" mume akauliza.

"Akija mwingine atakufukuza bila kukupakulia."

Baada ya hapo nyumba ikaingia baridi. Mume hakugomba, alinyamaza tu, na kunyamaza kwa mtu mpole kunauma kuliko matusi. Mama mkwe, ambaye anaishi nao, akageuzwa mjumbe.

"Mama, mwambie mkwe wako chumvi imezidi," mume alisema siku moja, mke akiwa amekaa hapo hapo, kijiko mkononi.

"Mwambie mwenyewe," bibi akamjibu. "Mimi si simu."

Wenzake kazini walijitolea kwenda kijiweni kwa niaba yake. Alikataa. "Nimewaambia wake za watu kwamba waume zao wahame. Wa kwangu nimpite kando?" anasema. "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Alikwenda asubuhi, akasimama mbele ya madereva, akaeleza yote kama alivyoeleza kwingine. Alipouliza kama kuna swali, mkono ulioinuka ni wa mumewe.

"Mama, mimi nina swali."

"Uliza, baba."

"Mteja wangu amezoea kunikuta hapa. Siku akija na kabati lake asinione, atampa mwingine. Hilo nyinyi mmelifikiria?"

Mama Kipaza anakiri: "Nilikuwa na majibu mengi. La hilo sikuwa nalo. Nikamwambia, sijui, nitauliza."

Aliuliza. Ofisini wakamwambia kijiwe kitahama kama ilivyopangwa, na kibao cha kuelekeza wateja kitawekwa baadaye. Akarudi nyumbani na jibu hilo bila kulipaka asali. Mumewe alimaliza tonge, akasema, "Angalau hukunidanganya." Maneno hayo yalipita moja kwa moja kutoka kwake hadi kwa mkewe. Bibi alikuwa likizo.

Wiki ya kwanza nyuma ya kinu ilikuwa kavu. Mume alirudi jioni na turubai likiwa limekunjwa vilevile alivyoondoka nalo. Ndipo Mama Kipaza, akishakabidhi kipaza sauti ofisini, akawa anarudi barabarani kwa muda wake na koo lake. Alipita maduka ya samani, vyerehani, maghala, akiita kama enzi za mitumba: "Pikapu zimehamia nyuma ya kinu! Hazijafa, zimehama!"

Wateja wakaanza kujitokeza. Si wote. Dereva mmoja alikata tamaa akahamia upande mwingine wa mji, na Mama Kipaza bado humtaja kwa huzuni.

Mumewe tunamkuta nyuma ya kinu akifuta kioo cha gari, nywele zina vumbi la unga.

"Nilikasirika, sikatai," anasema. "Lakini zamani mzigo mmoja uliweza kunilia mchana kutwa, nimekwama tu. Siku hizi napeleka, narudi, napeleka tena. Wateja wengine nimewapoteza. Hawa wengine wameletwa na mdomo wa yule mwanamke."

Anatabasamu akiendelea kufuta palepale palipokwisha kung'aa. Mama yake anasema kwa kifupi: "Mwanangu alioa redio. Ameshaizoea."

Awamu inayofuata itapeleka mabasi hadi vilimani, ng'ambo ya pili ya mji. Huko ndiko anakoishi dada yake mkubwa, ambaye miguu inamsumbua na hutoka kwa nadra. Kwa foleni ya sasa, kwenda na kurudi ni siku nzima, na siku nzima hutolewa kwa jambo zito.

"Mji mmoja, tumbo moja, lakini tunaonana kwenye misiba," anasema Mama Kipaza, akishuka kwenye kreti na kulirudisha dukani. "Basi hilo likianza, nataka niende siku ambayo hakuna aliyekufa. Nibishe hodi. Najua atashtuka, ataniuliza kuna nini. Nimwambie hakuna kitu, dada, nimepita tu."