Vitabu vya Baba Juu ya Kabati

Nilipokuwa mchoraji ramani katika ofisi ya wasanifu majengo hapa London, nilipewa kazi ya maktaba ya watawa wa Kikatoliki huko Austria, waliotaka kuikarabati. Mtindo wake wa Baroque ulikuwa na mbwembwe kwelikweli: nguzo zilizojisokota, roshani ya mbao iliyozunguka ukumbi, malaika wanono darini. Mimi, mtoto wa chuo cha Kurani cha Unguja, nikawachora mmoja mmoja, na wenzangu wakanitania kwamba nitabatizwa kabla ya Pasaka.

Nilichokipenda hasa hakikuonekana. Makabati ya vitabu hayakugusa ukuta wa nje. Nyuma yake paliachwa upana wa kiganja, hewa ipite, unyevu usifike kwenye karatasi. Nilimweleza habari hiyo kila aliyekubali kunisikiliza.

Nyumbani kwangu Thamesmead, pembezoni mwa London, kwenye fleti za kupanga za halmashauri, kulikuwa na vitabu vya dini alivyovinakili babu kwa mkono wake. Baba alinikabidhi nilipokimbia baada ya mapinduzi, akaniambia nimtunzie mpaka atakapokuja. Kwetu kitabu chenye jina la Mungu hakikai chini. Basi nikavifunga kwa kitambaa cheupe, nikavipandisha juu ya kabati la nguo, vikagusa dari na kuegemea ukuta wa zege. Nilijiona mtoto mwenye adabu. Kila ikikaribia Ramadhani nilipanda kiti, nikavifuta vumbi kwa juu.

Baba alifika baada ya miaka kumi na miwili. Hata chai hakuimaliza, akauliza vitabu vyake. Nilipovishusha, kitambaa kilikuwa kimegandana na ukuta. Ndani, kurasa zilishikana, zimeota ukungu mweusi, na wino wa babu umechuruzika. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi sikuwa hata na udhuru wa kutojua. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe, baba. Ni hii damp ya flat zetu, council wenyewe wanajua."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alijaribu kuzibandua kurasa za kimoja kwa ukucha, akashindwa, akakilaza kitabu mapajani.

"Unyevu hauji siku moja, mwanangu," alisema. "Umekisoma mara ya mwisho lini?"

Tangu anikabidhi, sikuwahi kufunua hata kimoja.