Aliyeshuka Bondeni Kutazama

Kalisti alikuwa amewinda tangu ubarobaro, na wanyama aliowajua walikuwa wa aina mbili: wanaokimbia na waliokwisha kufa. Kwa hiyo Birigita alipomwambia kwamba anataka kushuka Bonde la Rukwa akawaone korongo, kisha arudi, alidhani Kiswahili kimemshinda binti wa watu.

"Uwaone, halafu?"

"Halafu niandike, baba."

"Huli?"

"Sili."

Kalisti alimtazama juu mpaka chini, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Ulikuwa mwezi wa tisa mwaka 1974. Birigita alitoka Denmaki, akisoma elimu ya wanyama kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwao aliitwa Birgit, lakini watu wa Kaengesa walilitamka jina hilo kama la mtakatifu waliyemzoea, naye akaridhika. Likizo ile alifikia misheni, akaulizia mtu anayewajua korongo, wale wanyama wakubwa wanaokaribia farasi, wenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Kila aliyeulizwa alimtaja Kalisti.

Lakini Kalisti wa mwaka ule hakuwa mwindaji tena. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji nchi nzima, na gobore lake likachukuliwa. Kisha yeye na wenzake wakahamishwa kutoka makazi ya baba zao, wakapangwa kwa mistari katika kijiji kipya. Fundi wa nyika akawa mtu wa kupigiwa filimbi alfajiri, aende shamba la pamoja kulima chini ya amri ya watu aliowalisha nyama walipokuwa hawajaota meno. Kilichombakia ni neno lake tu: kwamba chini ya ukingo wa Lyambalyamfipa, unaoshuka kutoka Ufipa hadi bondeni, lipo bwawa ambako korongo hunywa kila kiangazi. Hata hilo likaanza kuchekwa. Sebastiani, mjumbe wa nyumba kumi, alisema mbele ya watu, "Korongo wa Kalisti wananywea mdomoni mwake."

Basi safari ile ilikuwa kesi yake. Akirudi bila kumwonyesha mgeni korongo, neno lake nalo lingefuata gobore.

Walishuka ukingo kutwa nzima, joto likiwapanda kadiri baridi ya Ufipa ilivyobaki juu. Walipofika chini, Birigita alitoa sabuni.

"Rudisha," Kalisti alisema. "Hapa hakuna kuoga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka turudi. Hiyo sabuni yako mnyama anaisikia hata akiwa kule Laela."

Asubuhi ya kwanza bwawa lilikuwa tupu. Kalisti alipukuta majivu kutoka kifuko chake, akaangalia upepo unayapeleka wapi, wakahamia upande wa pili. Hakuja mnyama. Siku ya pili walikuja ngiri na nyati watatu wazee. Birigita alifurahi, Kalisti hakufurahi. Huku wakingoja, binti aliuliza kila kitu: kinyesi hiki cha nani, kwa nini unakivunja, kwa nini unanusa? Mwanzoni Kalisti alijibu kwa mkato. Kufikia jioni yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwita, "Njoo uone huyu, amepita akichechemea."

Siku ya tatu, jua likiwa bado jekundu, nyasi za ng'ambo zilitikisika. Alitokea korongo mmoja. Mkono wa kulia wa Kalisti ulipanda begani kutafuta mkanda wa gobore, ukakuta shati.

"Huyo wa kwanza hapigwi," alinong'ona, kwa mazoea tu.

"Kwa nini?"

"Ndivyo wazee walivyokataza. Anayetangulia majini anaachwa anywe."

"Lakini kwa nini?"

"Niliuliza nikiwa mdogo, nikapigwa kofi. Jibu nililopewa ni hilo."

Birigita alimpa darubini. Kalisti aliishika kinyume, akageuziwa, akatazama. Alishtuka akarudi nyuma, maana mnyama alikuwa amemjia usoni. Akatazama tena. Aliona kope. Aliona maji yakidondoka kidevuni na kupe mmoja mnene nyuma ya sikio. Alikuwa jike, tena mzee, mbavu zikihesabika. Alikunywa, akainua kichwa, akakaa kimya muda mrefu, ndipo wengine wakatoka nyasini kumfuata. Walikuwa kumi na saba. Dume kubwa, ambalo wawindaji wangeligombania, lilikuja nyuma kabisa. Bibi yule alipogeuka kuondoka, wote waligeuka naye.

"Nadhani yeye ndiye anayeyajua maji yote," Birigita alisema. "Akifa, hao wengine wataongozwa na nani?"

Kalisti hakushusha darubini. "Kumbe wazee walijua."

"Au walikaa wakatazama, kama sisi."

Siku ya kurudi, wakiwa bado mbali, waliona moshi mwingi nyumbani kwa Kalisti. Mkewe, Luciana, alikuwa amesonga ugali wa ulezi wa kulisha ukoo. Majirani wameketi. Sebastiani mwenyewe alikuja na chumvi. Walikuwa wameiona barua ya chuo aliyokuja nayo Birigita, yenye mhuri, wakaamua ni kibali cha kuua. Kwani ni nani anayeshuka Rukwa siku nyingi vile kwa ajili ya kutazama?

"Baba Felisiani, nyama iko wapi?" Luciana aliuliza, akichungulia nyuma yake.

"Hakuna nyama. Tumewaona kumi na saba."

"Kumi na saba!" Sebastiani alipiga mapaja. "Na hata mkia hukubeba!"

"Ni kweli, tumewaona," Birigita alisema.

"Mgeni ana adabu," Sebastiani alijibu, "hawezi kumwaibisha mwenyeji."

Waliula ule ugali kwa maharage, wakicheka. Kalisti hakubishana. Alianza kuwaeleza habari za kope, na ni bikizee Fransiska peke yake aliyesogeza kigoda ili asikie.

Tangu hapo alishuka kila kiangazi, mikono mitupu, kwenda kutazama. Kijijini wakamwita Mtazamaji, na halikuwa jina la heshima. Wakati huohuo wakaanza kuja watu wa magari, wenye bunduki za kumwaga risasi, watu wasiowahi kupigwa kofi na mzee yeyote, nao walimpiga mnyama yeyote aliyetangulia kutokea.

Mwaka 1979 Kalisti alikaa bwawani siku sita. Aliporudi, Sebastiani alikuwa njiani, akamwuliza kwa mzaha wake uleule, "Mtazamaji, leo wangapi?"

"Hawapo," Kalisti alisema.

Sebastiani hakucheka. Jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa kikisema korongo wamekwisha, na hakuna aliyedai ushahidi.