Nilirudishia Benki Nyumba Ili Mke wa Shemeji Asijue Tumeshindwa

Admin, naomba jina langu libaki kwako peke yako, maana mama ninayeandika habari zake ni mfuasi wa ukurasa huu na husoma mpaka maoni ya chini.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu na ninafuma sweta za shule hapa Nyeri mjini. Mume wa huyo mama ni mdogo wa mume wangu. Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo binti zetu wana jina moja. Tuseme ni Wangari. Mimi ni Mama Wangari, naye ni Mama Wangari. Nikisikia jina hilo likisifiwa kwa mama mkwe kule Kangema, huinua kichwa, kumbe anasifiwa yule wa Kagio, anayeuza nyanya na vitunguu kwa jumla.

Nitasema ukweli kwa kuwa hamnijui. Namwonea wivu, na si wa jana. Mimi ndiye mfumaji wa sweta katika boma lile, lakini sweta ambayo mama mkwe huvaa kanisani ni ya dukani, aliyonunuliwa na huyo mwenzangu. Kitu kimoja tu nilikuwa nimemshinda: nyumba. Tulichukua mkopo wa benki tukanunua nyumba ya vyumba vitatu Naro Moru, wakati yeye bado anaishi kwenye mabati. Wanawake wa ukoo walipokuja kuiona nyumba, yeye nilimtembeza jikoni mara mbili. Mara ya pili hakuwa ameomba.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii. Hoteli ikapunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao. Tukashindwa kulipa mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Alitaka kumwambia ndugu yake. Nilimwambia akithubutu, mimi narudi kwetu.

Afisa wa benki, bwana mpole, alisema tutafute mnunuzi wenyewe, tukipata bei nzuri tulipe deni tubaki na kitu. Lakini hiyo ilimaanisha kuweka kibao getini, kando ya barabara kubwa ambayo lori za vitunguu vyake hupita zikienda Nanyuki. Ikifika mnada ingetangazwa gazetini, na hapo ni mbaya zaidi. Nikauliza kama hakuna njia ya kimya. Akasema ipo, tuisalimishe nyumba kwa hiari yetu na turudishe funguo. Alituonya kwamba ikiuzwa chini ya deni, kinachobaki kitatufuata, na akatusihi tumwone wakili kwanza. Mume wangu aliniangalia. Mimi nilikuwa nimeshashika kalamu.

Watu wa nyumbani tuliwaambia tumeipangisha kwa mzungu fulani, tumehamia mjini kwa sababu ya shule ya watoto. Mama mkwe alinisifu siku hiyo kwamba nina akili ya biashara. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Nyumba ilikaa tupu miezi minane huku riba ikiendelea kupanda. Wezi wakabeba tangi la maji na sinki. Benki ikaiuza kwa bei ya kutupa, kisha tukaletewa barua ya deni lililobaki. Sasa mume wangu anapika chapati kwenye kibanda cha mtu, na benki imesema itatupeleka kortini. Kitu pekee tulicho nacho cha kuuza ni mashine yangu ya kufuma.

Wiki mbili zilizopita yule mama alikuja dukani kwangu na mfuko wa nyanya. Akaketi kwenye benchi ya wateja. Akasema dalali aliwapeleka kuona nyumba ya benki Naro Moru, akaitambua kabla hajashuka gari.

"Mama Wangari, mimi sikuja kukucheka," akasema. "Tulinunua ndio isiende kwa mtu wa nje. Rudini mkae. Mtakuwa mkilipa pole pole, mkimaliza tunawaandikia title kwa jina lenu. Lakini ongea na mzee wako kwanza, sitaki asikie kwa ndugu yake aone haya."

Kisha akaniuliza mbona sikumwambia mapema, ati hiyo miezi mitano wangetulipia hata bila kuandikiana. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Angenicheka ningejua la kumjibu.

Baada ya siku tatu nilimpigia simu. Nikamwambia mume wangu amekataa, hawezi kuishi kwa nyumba ya mdogo wake. Akasema sawa, nimpe pole.

Mume wangu hajui lolote. Sikumwambia kwamba nyumba iko kwa ndugu yake, wala kwamba tumeitwa turudi. Alipanda miparachichi sita nyuma ya ile nyumba, na juzi tukinywa chai aliniuliza kama huyo aliyenunua huimwagilia maji. Nikasema sijui.

Jumapili hii kuna maombi kwa mama mkwe, na ndugu hao wawili wataketi meza moja. Shemeji bila shaka atataka kulisikia jibu hilo kwa mdomo wa kaka yake, na uongo wangu utaishia hapo mbele ya ukoo mzima. Nikikiri leo, huenda tukapata nyumba, lakini mume wangu atajua ni mimi niliyeitupa mara mbili. Na kila nikifungua dirisha nitakuwa nafungua dirisha la yule mama.

Nishaurini, ndugu zangu, nimwanzie mume wangu wapi? Mnitukane mkitaka, nimejiandaa. Ila msiniambie niende nikamshukuru yule mama. Hilo nimelijaribu peke yangu mbele ya kioo, na mdomo umekataa.