Fedha ya Hitma Iliyonasa kwenye Aposta

Tuliokuwepo kwenye kibanda cha ajenti siku ile ni hawa: mimi, binti yangu kitindamimba, ninayeishi naye nyumba moja hapa Quitunda, mwanawe wa kwanza, ambaye ni mjukuu wangu na kwa utani wetu ndiye mume wangu, na ajenti mwenyewe, yule anayetutolea fedha za simu. Ajenti ni mtoto wa marehemu mke mwenzangu, kwa hiyo naye ni binti yangu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuja baadaye, tumeshachoka. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na jina la utotoni la ajenti asilopenda lisikike. Siyaandiki, maana sote bado tunachota maji bomba moja.

Kila mwaka tunamsomea hitma mume wangu. Kule kwetu pwani, kabla hatujahamishwa kupisha mradi wa gesi, watu walileta mchele, walileta nazi, mwingine alikuja na kuku kamshika miguu. Tulipoletwa kwenye nyumba hizi za matofali watoto wakatawanyika, huyu Palma, huyu Pemba, ule mji wa huku kwetu si kisiwa, na michango ikawa inakuja kwa simu. Inakuja kwenye namba yangu, kwa sababu mimi nina bilhete, kitambulisho cha serikali, na namba imeandikishwa kwa jina langu. Simu yenyewe ni ya nyumba nzima. Namba yake ya siri anaijua kila mtu, hata jirani akija kuazima chumvi. Mimi tarakimu sizioni tena, basi anayenisomea ni huyo mume wangu.

Alikuwa anabeba matofali kwenye kambi ya gesi. Kazi ziliposimama akabaki na simu yake ya kutelezesha kidole, anabashiri mechi za watu asiowajua, aposta wanaita.

Jumanne asubuhi akanijia anacheka. "Mke wangu, nimekuzalishia."

"Umenizalishia nini, na uzee huu?"

"Fedha. Ile ya hitma niliiweka kwenye aposta. Timu imeshinda."

"Uliweka kiasi gani?"

"Yote."

Hitma ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia aitoe, saa hiyo hiyo, yangu irudi na hiyo nyingine akaizike. Akaanza kujikuna shingo. Hapo ndipo nilipojua hakuna fedha, kuna maneno.

Tukaenda kwa ajenti, binti yangu mbele, amefura. Pale nikasikia mambo ambayo mpaka leo yananipandisha damu. Kumbe huduma za kulipia ni nyingi, na mtu anachagua. Ya kwanza inaingiza fedha kwenye aposta papo hapo, hujameza mate, na wenye mchezo wanakuongezea kidogo ukiitumia. Lakini kutoa kwa hiyo hiyo, wanataka picha ya mwenye jina, ameshika bilhete kifuani. Ya pili inatoa bila kuuliza, ila lazima uwe umeingizia kwa hiyo hiyo tangu mwanzo. Ya tatu ni ya benki, na benki iko Palma, na kadi hatuna.

"Na wewe ulichagua ipi?" binti yangu akamuuliza mwanawe.

"Ya kwanza."

"Kwa nini usichague ya pili, mpumbavu wewe?"

"Ya pili haina bônus, mama."

Ajenti akacheka mpaka akaangusha kalamu. "Mama mkubwa, mumeo kaangalia zawadi ya harusi, hakuangalia mke."

Mimi sikucheka. Nikauliza, "Na hilo jina lililoandikwa huko kwenye aposta ni la nani?"

Mjukuu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "La kwako, bibi. Namba ni ya kwako, nisingeweza kuandika langu." Utani umekwisha, nimekuwa bibi tena. Kwa hiyo mcheza kamari wa Quitunda ni mimi, mjane, ninayefunga Jumatatu na Alhamisi.

Nikapigwa picha. Nimekaa kwenye kreti la soda, bilhete mkononi, ushungi wangu umefungwa vizuri. Ikarudi: sura hailingani. Tukapiga tena. Hailingani. Ajenti akaichunguza bilhete, akaona sababu. Siku ile ya bilhete, mpiga picha alituambia tusogeze mitandio, masikio yaonekane. Sasa wale wa aposta wanayataka masikio yangu.

"Yafunue tu, mama mkubwa. Dakika moja."

"Hapa? Njiani? Wanapita watu wa msikitini!"

Ndipo shemeji akatokea, anatoka kufundisha. Akasimuliwa. Akauliza swali moja: "Shemeji, iliyotoka kwa watoto ni ipi, na iliyotoka kwenye mchezo ni ipi?"

Ajenti akamwonyesha kioo. Ilikuwa jumla moja, imechanganyika.

"Chukua ile waliyotoa watoto," akasema. "Ya mchezo isiguse sufuria ya ndugu yangu. Na isipofika hadi Ijumaa, tutasoma. Kaka yangu hakuzikwa na pilau."

Binti yangu na ajenti wakanizungushia kanga nyuma ya kibanda, nikafunua masikio, picha ikakubaliwa. Wakaandika: subiri.

Tulisubiri. Ijumaa ikafika, simu kimya. Hitma ilisomwa, nikawapakulia watu muhogo wa shamba langu na samaki wakavu, na waliochangia fedha ya nyama wakawa wanatazama sahani, wananitazama mimi. Mmoja, kaka mwingine wa marehemu, naye alikuwa amechanga, akaniuliza mbele za watu kama siku hizi nyama hailiwi Quitunda. Nikamwongezea muhogo. Mjukuu alikuwa anagawa maji ya kunawa, hakuinua uso.

Fedha ikaingia Jumapili, sahani zimeshaoshwa. Nikatoa ya michango, nikamrudishia kila mmoja yake, na aliyeuliza nyama nikampelekea mwenyewe mkononi. Ile ya mchezo nimemwambia mume wangu aiondoe kwenye namba yangu. Mpaka leo ipo. Anachagua huduma ya kuihamishia, ananiambia hii inakata sana, ile inachelewa.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Aliyekuwepo pale, akiona nimeweka neno kinywani mwa asiyelisema, au ni huduma ya pili iliyotaka picha na siyo ya kwanza, aje nyumbani aniambie. Asinitumie ujumbe kwa simu, maana sijui atausoma nani.