Fundi Anayepuliza Matundu

Fundi wa kompyuta hulipuliza kila tundu kabla ya kuchomeka kitu, kama mtu anayepooza uji wa mtoto. Kisha huandika amri kwenye kompyuta yake ya Linux, nayo skrini hutaja vifaa inavyoviona. Mama aliyeketi mbele yake hajui kusoma, kwa hiyo anasoma vidole vya fundi. Flashi aliyoleta ina sauti ya binti yake marehemu, na mashemeji waliomfukuza nyumbani waliitupa nje pamoja na nguo zake, ikanyeshewa.

“Kompyuta haiioni flashi, mama. Labda tundu ndilo bovu.”

“Bovu kuwashinda mashemeji zangu?”

Fundi akacheka, akaichomoa flashi, akachomeka kipanya chake kwenye tundu lile lile. Kikawaka taa nyekundu, mshale ukatembea kwenye skrini. Vidole vyake vikaganda. Mama naye akaelewa kwamba tundu ni zima. Fundi akakichomoa kipanya upesi, akaichukua ile flashi, akapuliza tundu jingine.

“Tujaribu na hili,” akasema bila kumtazama.

Mama amedanganywa na wengi, na hajamsamehe hata mmoja. Lakini fundi huyu, mama alimjibu taratibu, “Jaribu, mwanangu. Sina haraka.”