Picha Iliyokatika Isongole

Asubuhi moja niliondoka Mbozi Mission bila mpango, nikadandia lori la magunia matupu kwa sababu tu lilikuwa limesimama. Likanishusha Isongole. Mafundi walikuwa wakisimamisha mnara wa simu, nami nikasogea kuuliza hiki nini, kile nini. Msimamizi wa Minara akachoka na maswali yangu.

"Umesoma hadi wapi?"

"La tano."

"Unaogopa kupanda juu?"

"Hapana."

"Basi wewe injinia. Shika kamba."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Baadaye nikaachiwa mnara niulinde na kuutunza. Enzi zile kila mtambo ulijitegemea. Fundi alikuja mwenyewe kuurekebisha, na umeme ukipungua niliwasha jenereta. Simu ya kutoka Isongole kwenda Tunduma ilizungukia kwanza Dar es Salaam, ndiyo maana sauti zilichelewa na watu walikuwa wakisemeshana kwa kupishana.

Kisha mambo yakabadilika. Walileta sanduku la chuma lenye kompyuta, wakaliweka chini ya mnara ili simu za sauti na za video zishughulikiwe hapo hapo, zisisafiri mbali. Mitambo yote ikawa inaongozwa na programu moja iliyoko Dar, inayoamua kipi kiwake na kipi kizime. Paneli za jua na betri zake zikafungwa. Jenereta likachukuliwa. Nilifurahia sana picha zile; mtu wa Tunduma ulimwona hadi jasho la puani.

Msimu mmoja wa mvua, jua lilipotea siku nyingi. Ndipo Ambokile alipofariki Tunduma. Dada yake mkubwa, Bibi Atupele, alikuwa hapa Isongole na miguu ilishamkataa. Kwao jeneza halifungwi mpaka dada mkubwa amtazame marehemu na kumuaga. Vijana wakampakia kwenye bodaboda, wakamleta hadi kwenye uzio wa mnara, kwa kuwa hapo mtandao ulikuwa na nguvu. Nikampa kigoda changu, nikamshikia simu.

"Shangazi, unatuona?" Ni Sekela, binti wa marehemu.

"Nakuona wewe. Umelia mpaka umevimba. Nipeleke kwa baba yako."

Sekela akaanza kupenya kati ya waombolezaji. Tuliona migongo, tukaona ukingo wa jeneza, picha ikakatika. Sanduku pale chini lilikuwa limezima taa zake.

Nilimpigia Injinia wa Kanda, kijana mpole.

"Mzee wangu, betri zenu zimeshuka. Programu imezima video, imebakiza sauti."

"Irudishe kidogo tu. Kuna mtu anaagwa."

"Nikirudisha mnara wote unazima. Zahanati yenu kuna mama anasubiri gari la wagonjwa. Wataitaje?"

Nikampigia Sekela kwa sauti. Bibi akasema, "Mwekee baba yako simu sikioni." Akazungumza kwa Kindali, taratibu, kama anayemtuma dukani. Alipomaliza tukasikia nyundo.

"Subirini!" akasema. "Wamemvisha lile koti la kijivu?"

Hakuna aliyemsikia. Aliniuliza mimi, nami sikuwa nimeona.

Baadaye programu ilijua kuulinda hata mlango wa uzio, kwa kamera. Msimamizi mpya akanishukuru, akanipa mkono, nikarudisha funguo. Naijua kazi ile kwa kuuliza, na hadi leo sijaacha kuuliza. Lakini swali la Bibi nililibeba bila jibu, na aliyeliuliza naye amekwisha kuzikwa.

Nilihama tena bila mpango, nikashuka kwenye pikipiki huku Galula nimelowa. Mama mmoja akanipa chumba cha uani.

"Kazi yako nini, baba?"

"Nilikuwa natunza mnara wa simu."

Akaleta simu yake mbio, akaifuta kwa kanga. "Basi niwekee video humu. Mwanangu yuko machimboni."

Nikaitazama. Nikamwambia hapa mtandao unaweza sauti tu.

"Sauti ninayo kila siku," akasema. "Nataka kuona kama amekonda."